Jezi yenye saini ya nyota: Bwera inanunua nini hasa?

MIONGONI mwa vitu vinavyoletwa na ndugu zetu wanaorejea kutoka Marekani na Uingereza, pamoja na simu na viatu, siku hizi zimo fremu za kioo zenye jezi iliyotiwa saini na mchezaji maarufu. Nimeziona Kasese mjini, nimeziona Bwera, na moja imetundikwa katika kibanda cha video huko Hamukungu, mwalo wa Ziwa George uliomo ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, ambako wavuvi hulipa kiingilio kutazama ligi ya Uingereza. Mwenye fremu hiyo anaihesabu kuwa mtaji. Ilinunuliwa mnadani kwa dola 400, anasema, hivyo hataiachia chini ya hapo.

Hesabu hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi. Bei ya mnadani si lazima iwe thamani ya kitu, na anayetaka kuelewa sababu inampasa ajue mnada wenyewe unavyoendeshwa.

Katika viwanja vingi vya ndani vya Marekani, siku ya mechi huwekwa meza kwenye ujia ambako watazamaji hupita kununua vinywaji. Juu ya meza kuna jezi, mipira na picha, na mbele ya kila kitu ipo karatasi. Hakuna mnadi anayepaza sauti. Unaandika jina na dau lako, anayefuata anaongeza, na kabla mechi haijamalizika karatasi hukusanywa. Siku hizi wengi huweka dau kwa simu. Ndugu zetu wa Waltham, karibu na Boston, ambako wapo watu wengi wa kwetu Uganda, wanaifahamu meza hiyo vizuri.

Fedha husemekana kuwa za mfuko wa hisani, na mara nyingi ni kweli, lakini si zote. Ziko kampuni ambazo kazi yao ni kupeleka vitu hivyo kwenye minada ya watu. Kampuni hujiwekea bei yake, na kinachozidi hapo ndicho humwendea mwenye mnada. Aidha, sheria ya kodi ya Marekani humruhusu mnunuzi kudai nafuu ya kodi kwa ile sehemu tu iliyozidi thamani halisi ya kitu sokoni. Maana yake sheria yenyewe inakubali kwamba katika dola 400 kuna bei ya jezi na kuna sadaka. Sadaka ilikwisha kutolewa kulekule. Haiwezi kupanda ndege hadi Entebbe ikauzwa tena Bwera.

Linabaki suala la saini. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wapelelezi wa FBI waliendesha operesheni iliyoitwa Bullpen, wakavunja mtandao wa waghushi wa saini wenye makao yake California. Mafundi hao waliiga saini za wanamichezo kwa maelfu, na kwa vile walikuwa hodari mno walifikia hata kuuza mipira ya besiboli yenye saini ya Mama Teresa! Wateja waliridhika kwa sababu kila kitu kilikuwa na cheti cha uhalali. Cheti nacho kilikuwa cha uongo. Baada ya aibu hiyo, ligi kuu ya besiboli ilianzisha mwaka 2001 utaratibu wa kuweka shahidi, aghalabu askari polisi aliyestaafu au aliye nje ya zamu, ambaye hushuhudia kwa macho yake mchezaji akitia saini, kisha hubandika stika yenye namba. Namba hiyo mtu yeyote anaweza kuitafuta kwenye intaneti, hata akiwa Hamukungu.

Kwa hiyo bei kubwa hufuata ushahidi. Jezi aliyoivaa Maradona dhidi ya Uingereza mwaka 1986 iliuzwa London Mei 2022 kwa pauni milioni 7.1. Bintiye alidai kuwa siyo yenyewe, ile ya kipindi cha pili alipofunga mabao. Wauzaji walijibu kwa picha za mechi, zilizolinganishwa na nembo na namba za jezi hiyo. Mwaka huohuo mkanda wa Muhammad Ali unaohusishwa na pambano lake na George Foreman mjini Kinshasa, Oktoba 30, 1974, uliuzwa Marekani kwa dola milioni 6.18. Sifa ya mkanda huo ilitoka Kongo, lakini aliyeuza na aliyenunua wote walikuwa kulekule Marekani, kwenye wateja na wakaguzi.

Sisi wakaguzi hao hatunao. Siku za soko la Lhubiriha, Jumanne na Ijumaa, mfanyabiashara wa Kasindi anajua kupima kahawa na kukagua kitenge kwa vidole. Wino ulio nyuma ya kioo ataupima kwa nini?

Tena lipo la forodha. Fremu moja ya kupamba sebule ya anayerejea ni kitu chake. Fremu tano ni bidhaa, na bidhaa hukadiriwa kwa bei iliyolipwa. Risiti ya dola 400 inaweza kukufanya ulipie ushuru hata ile sadaka. Wala wasidanganyike wanaosema kwamba tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 kila kitu kinapita Mpondwe bure. Nafuu hiyo ni ya bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya, na jezi ya Boston haimo.

Wiki kadhaa zilizopita mama mmoja mfanyabiashara wa Bwera aliniuliza ampe kiasi gani kijana aliyemletea fremu ya namna hiyo. Nilimwambia, mama, aombe kwanza namba ya stika na jina la kampuni iliyoibandika, aitafute kwenye simu, na aangalie kama maelezo yanayotokea yanataja jezi ileile na mchezaji yuleyule. Kisha aiangalie saini kwa kioo cha kukuzia: ikionekana vidoto vidogo kama vya picha ya gazeti, basi imechapwa kwa mashine. Namba isipopatikana, ampe bei ya jezi na ya fremu, basi. Fremu yenyewe, kwa mbao zile, si mbaya.