Mwili Nao Una Kaskazi na Kusi

Kuna neno moja ambalo walimu wetu wa michezo hulitumia kwa wepesi mno, nalo ni "uvivu". Mwanafunzi aliyekimbia mita 5,000 vyema mwezi wa Agosti, akichelewa kwa dakika nzima mwezi wa Februari, huambiwa amelegea. Wapo wanaoliamini neno hilo wakaziacha mbio kabisa. Hasara hiyo yatuhusu zaidi sisi tuishio ng'ambo ya kisiwa, Likoni, Kisauni na Changamwe, ambako hewa ya Februari si hewa ya Agosti hata chembe.

Lugha yetu yalijua jambo hili tangu zamani. Neno "musimu" latokana na Kiarabu, na ndilo hilo hilo lililopitia kwa Wareno hadi likawa jina la pepo hizi katika lugha za Ulaya. Kaskazi ilipovuma, vyombo vilishuka kutoka Arabuni. Kusi ilipochafuka, nahodha alikipandisha chombo pwani, akakitia kalafati, akakipaka sifa, akangoja. Sijapata kusikia nahodha aliyeambiwa mvivu kwa sababu hiyo.

Sababu zenyewe si za siri. Mkimbiaji hupoa kwa jasho linapokauka mwilini. Pwani, wakati wa joto la nyuzi 32 au 33, hewa imeshiba unyevu, basi jasho hutiririka tu bila ya kukauka. Moyo hulazimika kupeleka damu kwenye ngozi ili mwili upoe, na wakati huo huo kuipeleka kwenye misuli. Kwa hivyo mwendo hupungua. Mwili huhitaji siku 10 hadi 14 hivi kulizoea joto, na mazoea hayo hupotea baada ya majuma machache ya baridi.

Anayeshuku na akumbuke tarehe 24 Machi 2007, mbio za nyika za dunia zilipofanyika papa hapa Mombasa, katika uwanja wa gofu. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ameshinda mbio ndefu mara tano mfululizo tangu 2002 hadi 2006, aliacha njiani kwa joto. Ushindi ukachukuliwa na Zersenay Tadese wa Eritrea. Je, nani atathubutu kumwita Bekele mvivu?

Mimi ni mkimbiaji wa kujifurahisha tu, mwenye miaka arobaini na ushei. Kilomita nane ambazo wakati wa kipupwe huzimaliza kwa dakika 44 hunichukua 50 mwezi wa Machi, na suruali hunibana au kunilegea kufuatana na majira. (Mke wangu huyatambua majira kwa mshipi wangu kuliko kwa kalenda.) Sioni haja ya kujiadhibu kwa hilo.

Aidha, kuna suala la Ramadhani, ambayo hurudi nyuma kwa siku 11 hivi kila mwaka. Mwaka 2024 na 2025 ilianza mwezi wa Machi, katikati ya joto kali. Kumpima saa kumi alasiri kijana aliyefunga, kisha kumkemea kwa muda aliouandikisha, ni kumwonea. Na kumlazimisha akimbie bila ya maji katika joto hilo ni kuyahatarisha maisha yake.

Huenda mwalimu akauliza: je, wavivu wa kweli tutawatambuaje? Swali ni la haki, maana wapo. Na amlinganishe mwanafunzi na nafsi yake, Februari kwa Februari, Agosti kwa Agosti, wala si Februari kwa Agosti. Kando ya muda aliokimbia, aandike mwezi, saa, na kama mwanafunzi alikuwa amefunga. Wakati wa kaskazi mazoezi yafanywe alfajiri, na saa ya mkononi ibaki mfukoni mpaka mwili uzoee.