Mesna sio dawa "ya ziada", bana

Wasee, leo tunaongea kuhusu mkojo. Usikunje uso, soma kwanza. Mimi niliacha chuo na sio daktari, lakini hii mtu yeyote anaweza kuielewa.

Kuna dawa ya kemo inaitwa ifosfamaidi. Hutumika kwa saratani za mifupa na misuli, na ile ya mifupa hushika sana watu wa rika letu, mara nyingi karibu na goti. Ini likishaivunja, inabaki sumu inaitwa akrolini. Sumu inashuka na mkojo, inakaa kwa kibofu na kukichoma ndani. Mtu anaanza kukojoa damu. Ndugu yake, saiklofosfamaidi, ikipewa kwa dozi kubwa inafanya hivyo hivyo.

Mesna haipigani na saratani. Kazi yake ni kuikamata hiyo akrolini ndani ya mkojo. Na kwa vile haikai mwilini, dozi moja haitoshi. Mara nyingi unapewa pamoja na ifosfamaidi, tena baada ya saa 4, tena baada ya saa 8. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu. Sasa "ya ziada" inatoka wapi?

Jirani yetu hapa Kitengela aliambiwa kemo iko, mesna haiko, familia itafute nje. Wakazunguka maduka ya dawa jioni nzima na mgonjwa amelala anangoja. SHA ilipoanza Oktoba 2024, kifurushi cha saratani kilipangwa kuwa shilingi 550,000 kwa familia kwa mwaka. Poa. Lakini dawa isipokuwa kwa stoo, unalipa kutoka mfukoni.

Mtu atasema kemo ikicheleweshwa saratani inakua. Kweli kabisa. Ndiyo maana hizi dawa mbili zinafaa kuagizwa pamoja, zihesabiwe pamoja. Stoo yenye ifosfamaidi bila mesna ni sawa na nduthi bila breki.

Halafu kuna maji. Mgonjwa anatakiwa apate angalau lita 2 kwa siku, akojoe mara kwa mara. Huku kwetu maji ni ya kununua, na ya kisima mengi yana chumvi. Halafu panda mat kwenda Nairobi, ukwame kwa jam ya Mlolongo na kibofu kimejaa. Anayetoka Kajiado mjini ndiyo kabisa. Kwa hivyo mtu akiomba dere asimamishe, usicheke, na makanga asimtukane.

Kama una mtu wako anaanza kemo, muulize daktari mapema: hii dawa inahitaji mesna? Iko ya dozi zote? Na akiona mkojo mwekundu usiku, tupigie nani?

Kuuliza sio kiburi. Hicho kibofu ataishi nacho hata baada ya saratani kuisha.