Kompyuta Wodini: Muuguzi Asikilizwe Kwanza

Sisi waseminari tunapokwenda hospitalini kuwatembelea wagonjwa, tunaona mambo yanabadilika. Zamani muuguzi wa zamu alishika faili na kalamu. Siku hizi, katika baadhi ya hospitali, ameshika kishikwambi. Anaingiza hali ya mgonjwa, na programu inampendekezea mpango wa uuguzi: mgonjwa ageuzwe baada ya saa ngapi asipate vidonda vya kulalia, apimwe joto lini, daktari aitwe wakati gani.

Wapo wanaosema kwamba muuguzi anayesita kutumia chombo hiki ni mvivu, au anaogopa maendeleo. Hatukubaliani nao.

Kwanza tukiri ukweli: vyombo vya namna hii vinaweza kusaidia sana. Hapa kwetu Tanzania, katika mikoa ya Mbeya na Morogoro, programu iitwayo ePOCT+ ilijaribiwa kwa kulinganisha vituo 40 vya afya. Programu hiyo humwongoza mhudumu hatua kwa hatua anapomhudumia mtoto mgonjwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha kwamba katika vituo vilivyoitumia, antibiotiki zilitolewa kwa watoto takribani 23 katika kila 100; katika vituo vingine, 70. Na watoto waliohudumiwa katika vituo vilivyoitumia hawakudhurika zaidi ya wenzao. Kwa nchi inayopambana na usugu wa dawa, hilo si jambo dogo. Ni kweli kwamba kutibu mtoto zahanatini na kupanga uuguzi wodini ni kazi mbili tofauti, lakini somo ni moja: mwongozo mzuri mkononi mwa mhudumu huokoa.

Basi kwa nini wauguzi wasite? Tumewasikiliza, na sababu zao zina uzito. Mara nyingi kishikwambi hakiondoi daftari. Kinaongezwa juu yake. Muuguzi aliyekwisha kujaza vitabu vya MTUHA anaandika mambo yaleyale mara ya pili, huku wodi nzima ikimngoja yeye na mwenzake mmoja. Umeme ukikatika, anarudi kwenye karatasi. Tena anajiuliza: nikifuata programu ikakosea, nani atajibu? Na nikiikataa kwa sababu nimemwona mgonjwa kwa macho yangu, nani atanitetea?

Haya si maswali ya mvivu. Ni maswali ya mtu anayejua kwamba roho ya mwenzake iko mikononi mwake.

Mwezi Januari 2025, Vatikani ilitoa hati *Antiqua et Nova* kuhusu akili mnemba. Hati hiyo inatambua manufaa yake katika tiba, lakini inaonya kwamba isije ikachukua nafasi ya uhusiano kati ya mgonjwa na anayemhudumia. Tunaona hapo kipimo chepesi cha kutumia wodini: je, chombo hiki kimempa muuguzi dakika zaidi za kukaa na mgonjwa, au kimemwondoa kitandani na kumkalisha mbele ya kioo?

Kwa hiyo tunatoa rai kwa hospitali zetu za Kanisa. Wauguzi waitwe kabla chombo hakijanunuliwa, si siku ya mafunzo tu. Kazi ya kuandika mara mbili iondolewe. Muuguzi aruhusiwe kukataa pendekezo la programu, aandike sababu yake, wala asiadhibiwe kwa hilo.

Nasi waseminari tusijitoe. Kesho baadhi yetu tutakaa kwenye bodi za hospitali hizo, na mikataba ya vyombo hivi italetwa mbele yetu tuijadili. Siku hiyo, kabla ya kuuliza bei, tuulize: wauguzi wamesemaje?

Msamaria yule wa Injili alitumia mafuta, divai na punda. Vyote vilikuwa vyombo. Lakini aliyeona, akahurumia, akasimama, alikuwa mtu.