Mishale ya Kaboni Tununue, ila Nusu ya Hela Iende Kahama

Jumamosi ijayo klabu yetu ya upinde inapiga kura. Hoja ni moja tu: shilingi 600,000 tulizopewa na serikali ya wanafunzi tununulie mishale ya kaboni, au tutengeneze ya miti kama jina letu la "upinde wa jadi" linavyodai? Kwa mtu wa nje ni jambo dogo. Lakini wiki ya pili sasa vimbweta vimegawanyika, na kuna watu waliokuwa wanakula sahani moja leo wanasalimiana kwa nidhamu tu. Kwa kuwa kwenye kundi letu la WhatsApp nimeshaitwa "mwenyekiti wa kambi ya miti", naomba niseme mwenyewe ninachoamini, maana sicho hicho.

Nianze na Babu. Babu yangu mzaa baba yupo Kahama. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi huko Usukumani na Unyamwezini, wanavijiji waliunda sungusungu, na silaha yao kubwa ilikuwa upinde na mishale. Babu alikuwemo. Nimekua nikiliona podo lake limening'inia ukutani juu ya kitanda, na kuligusa bila ruhusa ilikuwa kesi.

Kwa hiyo nilipofika chuoni na kukuta kuna klabu ya upinde, nilijiona nina damu ya mchezo. Likizo ya kwanza nikamwomba Babu mishale sita, nikaja nayo kwa mbwembwe. Siku ya mazoezi niliaibika. Mmoja ulienda kushoto, mwingine juu, wa tatu tuliutafuta kwenye nyasi mpaka magharibi. Wenzangu walicheka, na mimi kimoyomoyo nikailaumu mishale ya mzee.

Wiki iliyofuata mwenzangu mmoja aliniazima mishale yake mitano ya kaboni. Yote mitano ilikaa sehemu moja, eneo la ukubwa wa sahani ya wali, chini kushoto mwa shabaha. Sikulenga vizuri, ila nilikosea namna ile ile mara tano. Hapo ndipo nilipoelewa: mkono wangu ulikuwa na kosa moja siku zote. Mishale ya kaboni inafanana kwa uzito na kwa ugumu, kwa hiyo kosa likitokea unajua ni lako. Mishale isiyofanana inalificha kosa lako, na wewe unabaki kusingizia upepo.

Hiyo ndiyo hoja kubwa ya kambi ya kaboni, na naikubali. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayejifunza leo ni haki apewe kitu kitakachomwambia ukweli kuhusu mkono wake.

Ila stori haikuishia hapo. Nilimpigia Babu simu, nikamweleza kwa heshima kwamba mishale yake haiendi. Akacheka sana. Akaniuliza, "Upinde unaotumia ni upi?" Nikamwambia wa klabu, wa paundi 35. Akasema, "Sasa mjukuu wangu, umevaa viatu vyangu halafu unalalamika vinakupwaya."

Alikuwa sahihi, na fizikia iko upande wake. Mshale ukiachiwa hauondoki ukiwa mnyoofu. Ugwe unausukuma kwa nyuma, uti wa mshale unapinda, unakizunguka kishikio cha upinde, halafu unajinyoosha huko mbele ukiwa unatikisika kama samaki. Ukiwa mgumu kupita kiasi kwa nguvu ya upinde, hauzunguki vizuri, unagonga kishikio na kwenda pembeni. Ukiwa laini mno, unakosea kwa upande wa pili. Babu alikata na kunyoosha mishale ile kwa ajili ya upinde wake, ambao mimi mpaka leo siwezi kuuvuta mpaka mwisho. Kwake ilikuwa inakwenda. Kwangu ilikuwa migumu mno. Wala haikuwa kosa la mti.

Na kaboni nayo haiponi kwenye sheria hii. Nimeona watu kwenye klabu yetu wakisema "nunua kaboni, basi", kama vile kaboni ni kabila moja. Kaboni ina madaraja ya ugumu, na ukikosea daraja utapiga pembeni kama mimi, tena kwa bei ya juu. Pia uzito. Watengenezaji wengi wa pinde za jadi hushauri mshale uwe na greini 8 mpaka 10 kwa kila paundi ya upinde. Kwa upinde wetu wa paundi 35 hiyo ni kama gramu 18 mpaka 23. Ukiweka mshale mwepesi sana, nguvu ambayo mshale ulipaswa kuibeba inabaki ndani ya upinde wenyewe, na upinde wa mbao unaumia. Halafu kuna yale mabawa ya plastiki: kwenye upinde ambao mshale unapita juu ya mkono wako, plastiki hainyumbuki kama unyoya. Inagonga, na inakuchana.

La mwisho ni usalama, na hapa sitanii. Muhula uliopita mtu alikanyaga mshale wa kaboni uwanjani. Kwa macho ulikuwa mzima kabisa. Tulipoupinda kidogo karibu na sikio tukasikia unalia kama njiti ikivunjika. Mshale wa namna hiyo ukiachiwa unaweza kupasuka na vipande vyake kuingia mkononi. Wa mti nao huvunjika, na nao lazima ukaguliwe, lakini mara nyingi ufa wake unauona. Kwa hiyo tutakachonunua chochote, sheria iwe moja: mshale haupigwi kabla ya kukaguliwa.

Sasa niwageukie wa kambi yangu ninayosingiziwa. Ndugu zangu, mnasema kaboni "inaua jadi". Ncha za mishale ya Babu ni misumari iliyofuliwa. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi nao hufua misumari kuwa ncha za mishale, na hakuna mtu mwenye akili zake atakayewaambia wao si wapiga upinde wa jadi. Wazee hawa walichukua kitu kipya walipoona kinafaa. Wangeletewa kaboni mwaka 1982 wakati wanafuata nyayo za wezi wa ng'ombe usiku, wangeitumia bila kuitisha mkutano.

Tofauti ni kwamba msumari ulibadilisha ncha tu. Kazi nyingine yote ilibaki mikononi mwao: kujua mkole upi ukatwe na upi uachwe, kuanika fito kivulini bila kuharakisha, kuzipitisha juu ya moto na kuzinyoosha kwa mkono na kwa meno, kuzipanga ile migumu na migumu, laini na laini, kisha kufunga manyoya ya kanga kwa mshipa wa ng'ombe. Mshale wa mti ukipinda unaunyoosha. Wa kaboni haupindi, lakini ukifa umekufa, na utasubiri bumu lingine uagize mwingine. Tukinunua kaboni peke yake tutakuwa wateja wazuri. Hatutakuwa tunajua kitu.

Wakorea Kusini walishalipitia hili. Upigaji wao wa jadi ni wa umbali wa mita 145, na mwaka 2020 serikali yao iliutambua kama urithi wa taifa. Wengi wao wanafanya mazoezi kwa mishale ya kaboni bila aibu yoyote. Lakini anayetaka kupanda kufika daraja la 5 lazima apige kwa upinde wa pembe na mishale ya mwanzi. Kaboni inamfundisha mtu, mwanzi unampima. Hata kwenye mashindano ya kimataifa ya Shirikisho la Upinde Duniani, kundi la pinde ndefu linaruhusiwa mishale ya mbao tu. Kwa hiyo wenzetu wanaoota mashindano, mti hamuukwepi.

Pendekezo langu ni hili. Shilingi 300,000 zinunue mishale ya kaboni ya uzito na ugumu unaolingana na pinde zetu, yenye manyoya na sio plastiki, iwe ya wanaojifunza. Shilingi 300,000 nyingine ziwe nauli na chakula cha watu wawili au watatu waende Kahama likizo hii, wakae na Babu mpaka watengeneze mishale yao wenyewe, kila mmoja kwa upinde wake. Wakirudi, watufundishe. Na kuanzia mwakani, mtu asiitwe nahodha wa klabu kama hajapiga shabaha kwa mishale aliyoitengeneza mwenyewe.

Najua litakalosemwa: naitafutia familia yangu hela. Basi mimi siendi. Nauli yangu nitajilipia, na Babu nimeshamuuliza, hataki malipo. Alichosema ni waje wakati wa kiangazi, maana fito za masika zinapinda, na wasichelewe, maana macho yake siku hizi hayamruhusu kuona mshale umepinda wapi. Anaupitisha kidoleni tu.

Hilo ndilo linalonisumbua kuliko kura yenyewe. Baba yangu hakujifunza. Baba zangu wadogo hawakujifunza. Mimi nilichukua mishale sita, nikaipoteza mmoja kwenye nyasi, nikarudi kumlalamikia. Mishale ya kaboni tukikosa kununua mwaka huu, mwakani itakuwepo dukani, pengine kwa bei nafuu. Babu ana miaka 81.

Tukutane Jumamosi saa 4 asubuhi, pale pale uwanjani. Njooni mpige kura, halafu tupige upinde.