Haka Mnaijua. Ngadji Je?

Novemba 2024 wote mlishea ile video. Mbunge wa New Zealand, Hana-Rawhiti Maipi-Clarke, miaka 22, anararua karatasi ya mswada bungeni halafu anaanzisha haka. Mswada ulikuwa unauchezea Mkataba wa Waitangi wa 1840, na Aprili 2025 ukaangushwa. Mkajaza komenti: dada moto, dada simba. Sawa, hata mimi nililia. Sasa niwaulize kitu kidogo tu: Ngadji ni nini?

Kimya. Nilijua.

Ngadji ni ngoma kuu ya sisi Wapokomo wa Mto Tana. Si ya kuchezea harusini. Ilikuwa chini ya wazee wa Kijo, ilifichwa, na asiyeruhusiwa hakuiona, aliusikia mlio tu. Na huo mlio, wasee, ndio ulikuwa serikali. Mwaka 1902 Waingereza wakaichukua. 1908 ikaingia British Museum, London, stoo.

Inayoniuma zaidi ni hii. 1963 Kenya ilitafuta wimbo wa taifa, na tume ya watu watano ikachukua sauti ya wimbo wa Kipokomo wa kubembelezea mtoto. Ndiyo, huo huo mnaoimba paredi. Mwaka huo huo, 1963, bunge la Uingereza likapitisha sheria inayoibana British Museum isitoe vitu vyake. Yaani mwaka ule ule tuliowapa Wakenya wimbo, London ilifunga mlango na ngoma yetu iko ndani.

Nani anajua kwamba wimbo ulitoka kwetu? Wenzangu wa chuo (ndiyo, mimi ndiye yule aliyeacha chuo, ila kusoma sikuacha) walidhani nawatania.

Angalia wenzetu. Haka inayoitwa Ka Mate ilitungwa na Te Rauparaha, chifu wa Ngāti Toa. Timu ya raga ikaifanya maarufu, makampuni yakaitumia kwa matangazo. Ngāti Toa hawakunyamaza. 2014 ikapita sheria: ukiitumia kibiashara, taja mtunzi na kabila lake. Pesa haidai. Inadai jina. Sasa sisi tunashindwa na jina? Katiba ya 2010, kifungu cha 11, inalitaka Bunge litunge sheria ili jamii zilipwe utamaduni wao ukitumiwa. Sheria ya maarifa na sanaa za jadi tunayo tangu 2016. Mbunge gani wa Tana River ameishika mkononi akauliza habari ya wimbo wa taifa? Kila uchaguzi wanakuja Ndera, wanachezewa ngoma, wanapigwa picha, wanapanda gari.

Kuna mtu ataandika hapa chini: hiyo Ngadji ni uganga, iache huko huko. Ndugu yangu, mimi ni Muislamu wa Ndera, naswali, na sijaomba mtu aisujudie ngoma. Nataka irudi kwa sababu iliibwa. Ungeibiwa mlango wa nyumba, ungeuliza kwanza kama babu yako aliugonga kwa dini gani?

Na tusiwalaumu Waingereza peke yao. Shule niliyosoma, ukikamatwa unaongea Kipokomo unavishwa kibao shingoni, na aliyenitaja alikuwa binamu yangu. Watoto wa Kimaori walichapwa hivyo hivyo. Ila wao mwaka 1982 walianzisha kōhanga reo: wazee wanakaa na watoto wadogo, wanaongea nao Kimaori tu, kutwa. Miaka mitano baadaye lugha ikawa rasmi kisheria. Nyanya tunao. Watoto tunao. Tunachofanya ni kuwapa watoto katuni kwenye simu, na nyanya anakaa barazani peke yake.

Juzi nikamwambia nyanya yangu nataka kumrekodi akiimba ule wimbo. Akanitazama.

"Nikubembeleze wewe mjukuu wangu, na ndevu hizo?"

Nikamwambia si wangu, ni wa Kenya nzima. Akacheka mpaka akakohoa.

"Kenya si wanaujua? Waliubadilisha maneno tu."

Amekubali. Ijumaa, akishaanua mpunga wake. Nitaiposti jioni. Mkiishea, andikeni Wapokomo.