Mche wa Dirishani Haulijui Jua

Huenda haya yamewahi kukupata. Umeotesha sukuma wiki katika mikebe, ukaiweka dirishani hapo kwako Riruta. Miche ikachipuka vizuri. Jumamosi ukaihamishia uani. Kufikia Jumanne majani yana mabaka meupe kama karatasi, na mboga za mwezi mzima zimekupotea. Unamshuku aliyekuuzia mbegu. Pengine hana hatia.

Mbali na mwanga tunaouona, jua hutoa miale isiyoonekana kwa macho, iitwayo urujuanimno. Miale hiyo ikizidi hudhuru seli za jani na kulipunguzia nguvu ya kutengeneza chakula. Hata hivyo, mmea uliozoea jua hujikinga: hutengeneza kemikali za kunyonya miale hiyo kwenye ngozi ya majani, nayo majani huwa manene zaidi. Kioo cha dirisha huzuia sehemu kubwa ya miale iliyo mikali zaidi, kwa hivyo mche wa dirishani hukua bila kinga hiyo. Ukiutoa nje ghafla, mwanga mkali, joto na miale huushambulia kwa pamoja.

Mahali nako kuna maana. Nairobi iko karibu na Ikweta, ambako jua la adhuhuri hukaribia utosi. Isitoshe, iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kila unapopanda mita 1,000, miale hii huongezeka kwa takribani asilimia 10, kwani hewa ya kuichuja imepungua. Basi anga likiwa safi, miale ya Riruta ni mikali kuliko ya Mombasa, ingawa Mombasa ndiko tunakotokwa na jasho. Usidanganywe na baridi ya Julai. Hata mawingu hayaizuii miale yote.

Ufanyeje? Siku ya kwanza, toa mikebe nje asubuhi kwa saa moja tu. Ongeza muda kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10, kisha panda jioni na kuitilia miche kivuli cha matawi kwa siku chache.

Nanyi wanafunzi, jaribuni wenyewe: mzoesheni mche mmoja, wa pili mtoeni ghafla, kisha mlinganishe majani.

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mche nao ni vivyo hivyo.