Mionzi Itokayo Juu

Mwanafunzi mmoja wa Muhumba ameniuliza: «Mwalimu, yatufaa nini elimu ya nyota, nasi twaishi katika vita na taabu?» Swali hili ni la haki. Ili kulijibu, tutazame maisha ya Mkatoliki mmoja, Victor Hess, aliyezaliwa Austria mwaka 1883.

Siku zile wataalamu walikuwa wameona kwamba vyombo vyao vya kupimia umeme huupoteza umeme polepole, hata vikifungwa vizuri. Wengi walidhani sababu ni mionzi itokayo katika mawe ya ardhi. Basi Hess akapanda angani kwa puto. Tarehe 7 Agosti 1912 alifika kimo cha zaidi ya mita 5,000, akaona kuwa mionzi haipungui, bali yaongezeka. Kumbe yatoka juu! Kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1936.

Miaka miwili baadaye Wanazi waliitwaa Austria, wakamfukuza chuoni. Tena mkewe alikuwa wa ukoo wa Kiyahudi. Wakahamia Marekani, naye akafundisha New York, katika Chuo Kikuu cha Fordham cha mapadre Wajesuiti, wa shirika lile lile lenye Koleji Alfajiri hapa kwetu.

Mionzi hiyo yatoka wapi? Hess alifariki mwaka 1964 kabla jibu halijathibitishwa. Leo twajua zaidi. Nyota kubwa ifikapo mwisho wake hupasuka, na mabaki yake hutawanyika kwa mwendo wa maelfu ya kilomita kila sekunde, yakisukuma wimbi kali mbele yake. Chembe ndogo yenye umeme hunaswa hapo, ikarushwa mbele na nyuma kama mpira kati ya wavulana wawili wanaokaribiana mbio. Kila irushwapo huzidi nguvu, hata mwendo wake ukaribie ule wa nuru. Mwaka 2004 darubini nne zilizojengwa nyanda za juu za Namibia, zikaitwa H.E.S.S. kwa heshima yake, zilitoa picha ya mabaki ya nyota ambamo chembe huharakishwa hivyo. Jibu likaonekana katika Afrika yetu.

Mwanangu, elimu ya nyota haitajaza sufuria, wala haitanyamazisha bunduki. Lakini waliomnyang'anya Hess kiti chake hawakuweza kumnyang'anya alichokijua. Sisi wa Bukavu, tuliopata kukimbia na kupokea wakimbizi, twafahamu thamani ya mali ibebwayo bila mzigo.

Basi wazazi, msiwatoe watoto shuleni kwa kuwa nyakati ni mbaya. Nanyi wanafunzi, jueni kwamba chimbuko la mionzi yenye nguvu kupita yote halijajulikana bado. Muumba ameliacha swali hilo mbele yenu. Jifunzeni hesabu kwa bidii.